Kadi Ikijaa Hula ya Zamani

Fundi akiingia nyumbani kwako hakukuuliza kamera imeharibikaje. Alivua kofia, akasalimia, akakataa kiti, kisha akauliza: "Mara ya mwisho ulifungua kadi ukaangalia ndani, ni lini?" Na wewe, kama wenzako wote, ulibaki kumtumbulia macho. Kadi? Nani anafungua kadi? Mtu unanunua kamera, unaibandika juu ya mlango, unauona mlango wako kwenye simu ukiwa sokoni, roho inatulia. Hayo ndiyo yalikuwa mawazo yangu na mimi, mpaka siku wezi walipobeba mtungi wangu wa gesi na majora mawili ya kitambaa cha sare za shule pale koridoni, mchana kweupe, chini ya kamera yenye taa ya kijani inayowaka bila wasiwasi.

Mimi na Fundi tulikaa ghorofa moja, kwenye jengo la zamani kule Point, mjini Durban, milango inatazamana. Mimi nashona, yeye anatengeneza kamera za majumbani. Nilimwita, akaja na ngazi yake fupi. Akaitoa kadi, kidude kidogo kama ukucha, akaitia kwenye kompyuta yake iliyozungushiwa utepe wa gundi. Picha ya mwisho ilikuwa ya miezi mitano nyuma: mimi mwenyewe nikipita na ndoo.

"Lakini mbona naona kwa simu kila siku?" nikamwambia.

"Unaona, ndiyo. Kuona ni kimoja, kushika ni kingine. Kadi yako imechoka, Dada. Inakubali kusoma, inakataa kuandika. Na kamera haiko na mdomo ya kukuambia."

Hasira zilinipanda nikamtolea yeye. Mama yangu kule Tanga alisema ulimi wangu hauna breki, na Fundi aliujua ulimi huo siku ya kwanza. Alinisikiliza mpaka nikaishiwa, akafunga kadi mpya, akanishika kidole akanionyesha pa kubonyeza nikitaka kuangalia yaliyomo. "Kila Ijumaa," akasema. "Wewe unaenda kusali, ukirudi unafungua kadi." Nikafanya hivyo kwa miaka, na mpaka leo ninafanya.

Ninamwandika kwa sababu nilimpotezea kitu kwa ulimi wangu huo huo, kitu ambacho hakipatikani dukani. Nitakifikia. Kwanza mjue alikuwa mtu wa namna gani, maana bila hivyo mtadhani namsifia tu kwa kuwa nina hatia. Ya kwao sina mengi. Nikisema alikuwa Mkongo wa Uvira nimemaliza. Ukimuuliza zaidi alijibu, "Bon, ni historia ndefu," akaanza kuzungumzia waya.

Alikuwa na utaratibu wake na hakuuvunja kwa tajiri wala maskini. Umeme kwanza: anashika chaja kwa kiganja, ikiwa ya moto sana anatikisa kichwa, kwa sababu kamera isiyoshiba umeme inaonyesha picha lakini inashindwa kuandika. Halafu saa ya kamera, kama inakwenda sawa. Halafu ndiyo kadi, anaisugua kwenye vile vimistari vya dhahabu kwa kifutio cha penseli, kile cha watoto wa shule, akiwa anaimba nyimbo za kanisani kwa sauti ya puani. Kufomati kulikuwa mwisho wa yote. Simu ikimwuliza mtu kama afomati kadi, kidole kinasema ndiyo kabla kichwa hakijasoma, na Fundi alikuwa anawachapa watu vidole, kweli kabisa, wanaume wazima wenye magari yao. "Ngoja! Fomati ni dawa ya mwisho. Kopi kwanza. Mtu hachomi nyumba juu ya panya."

Kadi za bandia zilimtoa utu. Kuna kadi zinazouzwa barabarani zimeandikwa ukubwa wa kutisha, ukizitia kwenye kamera zinakubali kwa adabu, kumbe ndani ni ndogo sana na zikifika kikomo zinameza picha bila kutema kitu. Kila kadi aliyonunua aliijaza kutwa nzima kwenye kompyuta mpaka aione mwisho wake. Iliyofaulu aliipaka kitone cha rangi ya kucha, nyekundu, ya mke wake. Mama Fundi alilalamika kila wiki kwamba kadi za wazungu na wahindi wa Durban nzima zina kucha na yeye hana. Muuzaji mmoja, kijana wa kwetu Tanzania, alimuuzia kumi za bandia kwa mpigo. Fundi alizirudisha, akamtazama yule kijana, akamwambia, "Mwanamke fulani ataibiwa, ataenda kuangalia, atakuta giza. Huyo mwanamke ni mama yako." Kisha akaondoka bila kudai chochote. Mimi nilikwenda kesho yake nikadai.

Kulikuwa na bibi mmoja wa Sydenham, Mhindi, mjane, kamera yake ilikuwa inajaza kadi kwa siku mbili tu. Mafundi wawili walishambadilishia kadi. Fundi alikaa uani kwake akanywa chai, akatazama, akainuka akaihamisha kamba ya kuanikia nguo. Kamera ilikuwa inashtuka kila shuka likipepea, inaandika, inaandika, mwizi akija hakuna nafasi. "Ilikuwa inalinda mashuka," alituambia jioni, na Mama Fundi akacheka hadi akashika kifua. Kifua kile baadaye ndicho kilichomwondoa.

Na kuna la Clairwood, kwenye yadi ya malori. Mfanyakazi mmoja, Mzulu mwenye familia kubwa, alishikwa kwa tuhuma kwamba ametoa mzigo baada ya yadi kufungwa. Kamera imemwonyesha saa kumi na moja jioni. Walimwita Fundi atoe ile picha kwenye kadi wampeleke polisi. Aliitazama mara moja akasema hatoi. Meneja akafoka. Fundi akaweka kidole kwenye skrini, kwenye kivuli cha yule mtu, kifupi, kimejikunja miguuni. "Jua ya saa kumi na moja haina kivuli kama hii. Hii ni saa tano ya asubuhi. Saa ya kamera iko ya huko ilikotengenezwa, hakuna mtu aliirekebisha." Saa ilikuwa mbele kwa saa sita. Yule mtu alikuwa kazini kihalali. Baada ya hapo yadi ile walimheshimu kuliko walivyomheshimu meneja, na walipohitaji mtu wa kukaa na kamera zao hawakutafuta mbali.

Sasa huyo mtu, anayewawekea watu macho juu ya milango, yeye mwenyewe alikuwa hataki kupigwa picha. Harusini anahamia jikoni. Mkewe vilevile, ukimwelekezea simu anavuta kitenge usoni, picha inatoka kitenge na vidole. Picha za zamani waliziacha Uvira zote, albamu ya harusi na nyingine, walipotoka kwa miguu. Huku walikuwa na karatasi za ukimbizi, na picha ya Mama Fundi kwenye karatasi ile ilikuwa imetolewa kopi ya kopi mpaka uso umekuwa doa jeusi. Niliwasema. "Jamani, mtu anaacha nini duniani?" Fundi akajibu kwamba anayemuona mkewe kila siku hahitaji picha. Kumbe hata mwerevu anaweza kusema upuuzi.

Mama Fundi alipoanza kuugua moyo, alimwekea kamera chumbani, juu ya kabati, imeangalia kitanda. Si kwa wizi. Ilikuwa ili awe juu ya ngazi huko kwenye nyumba za watu na bado amwone. Kamera ile ilikuwa na kipaza sauti, basi kila siku nikiwa nashona nilisikia kabati la jirani likiuliza, "Mama, umekunywa dawa?" Na Mama Fundi, ambaye alikuwa mkorofi wa kimyakimya, alikuwa anageukia ukutani amwonyeshe mgongo. "Mama, naona umegeuka. Dawa iko kwenye kikombe ya bluu." Mgongo haukugeuka. "Mama, niko juu ya paa, nitaanguka kwa sababu yako." Hapo ndipo alipoinuka akanywa, akiwa anaitukana kamera kwa Kifuliiru, lugha ya kwao. Nilikuwa nacheka peke yangu kwenye sindano. Miezi minane aliishi mbele ya kamera ile: akisuka ukili, akisali, akila ndizi, akinisimulia mimi umbea nikiwa nimekaa pembeni ya kitanda. Ndizo picha pekee za uso wake zilizokuwapo duniani, na zote zilikuwa kwenye kadi moja yenye kitone chekundu.

Alifariki siku ya Jumanne. Fundi alirudi adhuhuri kutoka kazini akamkuta ameshakwenda. Alinigongea mlango, nikafungua, akanionyesha mlango wao kwa mkono. Nilivuka korido nikaona.

Fundi hakuwa na dada wala shangazi katika mji huu. Basi mimi, mgeni wa dini na wa nchi, ndiye niliyesimama kama mwanamke wa nyumba. Niliwapokea wanawake wa kanisa lao, nikatandika mikeka, nikapanga nani apike nini, na nikaleta desturi za Tanga ndani ya nyumba ya Wakongo bila kumuuliza mtu. Siku ya tatu, baada ya maziko, chumba kimejaa wanawake wamekaa chini wanaimba, Fundi aliingia. Alipita katikati yetu, akasimama mbele ya kabati, akanyoosha mkono kwenye kamera.

Nikamwambia mbele ya wote: "Fundi, acha. Kwetu kitu cha marehemu hakisogezwi mpaka arobaini. Ondoa mkono."

Mkono wake ulibaki hewani, mtu angeweza kuhesabu mpaka kumi. Kisha akaushusha, akatoka, akaketi kwenye benchi koridoni pamoja na wanaume. Mimi nikaona nimefanya jambo la maana. Nilijiona mtu mzima, Mungu anisamehe.

Watu walikuja siku zote zile. Wakongo hawamwachi mfiwa peke yake, na wetu wa Tanzania nao wakaja, na yule bibi wa Sydenham akaja na biriani. Wote waliingia chumba kile, wakakaa, wakalia, wakala, wakakunja nguo, na juu ya kabati taa ya kijani inawaka.

Siku ya arobaini, wageni walipotawanyika, nilimwambia, "Sasa toa." Akaitoa kadi. Akaisugua kwa kifutio, pole pole, hakuimba. Akaitia kwenye kompyuta nami nikavuta kiti, nina leso mkononi tayari, nikingoja kumwona mwenzangu. Ikafunguka picha ya kwanza: mimi na mama mmoja wa kanisa tunachambua mchele kwenye ungo. Ya pili: watu wanasali. Ya tatu, ya nne, ya ishirini, sisi. Tulijiona wenyewe tukiomboleza siku saba za mwisho, na kitanda nyuma yetu kikiwa kitupu.

"Yeye yuko wapi?" nikauliza.

"Kadi ikijaa inakula ya zamani," alisema. Ndivyo zilivyo. Hazisimami. Zinarudi mwanzo na kuandika juu ya yaliyopita. Mgonjwa mmoja asiyeinuka sana, kadi ile ilimbeba miezi yote minane. Sisi, kundi zima linaloingia na kutoka, tuliijaza kwa wiki, ikarudi mwanzo, tukaijaza tena. Kila aliyeingia kumlilia alifuta kidogo chake. Nilimsihi ajaribu ile programu yake ya kufufua picha zilizofutwa. Alijaribu mbele yangu mara moja tu, akafunga kompyuta, akaniambia chai imepoa.

Hakunilaumu. Hilo ndilo lililonimaliza. Angenitukana ningejibu, tungegombana, tungepatana. Badala yake aliendelea kunisalimia kila asubuhi, na mimi nikaanza kutoka nyumbani mapema ili nisikutane naye. Baada ya miezi akahama. Wale wa yadi ya Clairwood walimpa chumba, akae na skrini zao, kwa kuwa miguu ilikuwa imevimba na ngazi hazimtaki tena. Miaka miwili sikwenda. Nikiwa nashona, jambo lile likinijia, nilikanyaga pedali kwa nguvu ili lipite.

Mwezi uliopita nilimshonea shati nikampelekea. Sikuwa na hamu ya shati. Nilitaka kusema lile neno kabla mmoja wetu hajafa nalo.

Chumba chake kiko mwisho wa yadi, nyuma ya malori. Amekonda, mvi zimejaa, miguu ameiweka juu ya ndoo iliyofunikwa. Alifurahi, akanipa kiti safi, akaniuliza kadi yangu nimeiangalia lini. Nikasema Ijumaa. Akasema, "Vizuri, Dada." Hapo nikaanza kulia kabla sijasema kitu.

"Fundi, mimi ndiye niliyekupotezea mkeo mara ya pili," nikasema. "Ulitaka kumtoa pale nikakuzuia. Sijui hata kama ni dini au ni kiherehere changu. Nisamehe."

Alizima redio. Alikaa anatazama skrini zake, malori yakiingia na kutoka.

"Unafikiri sikujua kuhesabu?" akasema. "Ile siku ya tatu nilijua. Watu wengi hivi, siku saba, kadi imejaa, inaanza kumla. Nilijua vizuri."

"Basi kwa nini uliniachia?"

"Ile asubuhi ya Jumanne simu yangu ilikuwa chini kwenye begi, mimi niko juu ya ngazi. Niliposhuka nikafungua. Kamera ilikuwa imeshika yote. Aliniita. Hakuita fundi, hakuita baba. Aliniita jina yangu, ile ya nyumbani, mara sita. Alikuwa anaangalia kamera. Alifikiri niko ndani yake nasikiliza." Akajifuta mdomo. "Wakati ile mkono yangu inaenda kwenye kabati, Dada, sikujua inaenda kuokoa ao inaenda kufuta. Wewe ukasema acha. Nilikushukuru."

"Lakini zile nyingine, zile nzuri zake..."

"Ningeweza kuchagua. Ni kazi ya dakika kumi, nimefanyia watu wengi. Lakini ili uchague, lazima uangalie."

Nilitaka kunyamaza, nikashindwa. "Ilikuwa saa ngapi?"

"Saa nne."

Saa nne ya Jumanne ile nilikuwa ndani. Sikuwa nimetoka popote. Nilikuwa na sare za shule moja nzima za kumaliza, na mlango wangu na wao ni hatua nne. Nilimwambia: "Fundi, nilikuwepo. Nilikuwa nashona."

"Najua," akasema. "Mashine inasikika ndani ya kamera."

Kisha aliniambia jina lile, bila mimi kuomba. Alilitamka kwa sauti ndogo, nadhani alitaka lisikike na mtu. Sitaliandika hapa, si langu. Alilijaribu shati, mikono ilikuwa mirefu kidogo, akasema ni sawa. Nikamuaga.

Nilipofika getini nikakuta mnyororo na kufuli. Ufunguo anao yeye. Dereva alikuwa amewasha lori linanguruma yadi nzima. Nikaita, "Fundi!" Hakusikia. Nikaita tena kwa nguvu, "Fundi!" Wapi. Kichwa kilikuwa bado hakijatulia, machozi yamenijaa, na mara ya tatu lililotoka mdomoni mwangu lilikuwa lile jina.

"Niko!" sauti yake ikatoka kule nyuma ya malori. "Niko, niko nakuja!"

Akatokea anakimbia. Na miguu ile, peku, shati jipya halijafungwa vifungo, anashika ubavu wa lori asianguke, uso wake umefunguka kwa namna ambayo sijawahi kuiona. Alikuwa ameshafika karibu aliponiona ni mimi. Akasimama.

Nikasema, "Ni geti, Fundi. Limefungwa."

Akatazama chini, akaingiza mkono mfukoni kutafuta ufunguo. Alichukua muda kulipata tundu la kufuli, nami nikamshikia mnyororo.